Wasomaji Wanauliza: Umerudi Zebes, Umekwama Wapi?

Toleo lililopita tuliwaomba wasomaji wa Mtwara na Lindi waliorudi kwenye Super Metroid watuletee maswali yao. Kwa asiyeijua: ni gemu ya mwaka 1994 ya mashine ya Super Nintendo, iliyoongozwa na Yoshio Sakamoto. Unamchezesha Samus Aran, mwanamke anayewinda wahalifu kwa malipo, akishuka kwenye sayari ya Zebes kumfuata adui yake Ridley, aliyeiba mtoto wa kiumbe aitwaye metroid. Haina leveli. Sayari yote ni ramani moja, na njia zinafunguka kadiri unavyookota vifaa.

*Habari za kazi, ndugu wahariri. Nipo eneo la Brinstar kwenye ukumbi wenye daraja linalomomonyoka. Nikikanyaga tu, tofali linatoweka naanguka. Kuna kifaa nimekiacha nyuma?*
*Msomaji, Chuno, Mtwara*

Hujaacha kitu. Unatembea mahali panapotaka mbio. Shikilia kitufe B huku umebonyeza kulia. Samus atakimbia na kupita kabla matofali hayajatoweka. Anzia mlangoni kabisa upate kasi, usiruke njiani, usiachie B. Ng'ambo utakuta mlango wa kijani, huo unafunguka kwa Super Missile moja, yaani kombora kubwa.

Wachezaji wamekwama hapo tangu gemu itoke, kwa sababu ndani ya gemu hamna mtu wa kukwambia kwamba kukimbia kupo. Kilichosema ni kijitabu cha maelekezo, na kaseti ya mtumba mara nyingi inakuja peke yake. Basi chukua vitufe vyote hapa: A kuruka, X kufyatua, B kukimbia, Select kuchagua silaha, Y kuiondoa silaha uliyochagua, L kulenga mshazari chini, R kulenga mshazari juu. Kama aliyecheza kabla yako alibadilisha mpangilio, urudishe kwenye menyu ya mwanzo.

*Shikamooni. Nimedumbukia kwenye shimo refu lenye vijinyama vitatu vya kijani vinavyoruka ukutani. Vyenyewe vinapanda, mimi nabaki chini. Nianze gemu upya?*
*Msomaji, Lindi mjini*

Marahaba, na usianze upya. Vijinyama hivyo vinaitwa Etecoon, na kazi yao ni kukufundisha kuruka kwa kudunda ukutani. Uwezo huo Samus anao tangu dakika ya kwanza, hauokotwi popote.

Ruka ukielekea ukutani hali Samus anajiviringisha hewani. Akiruka wima bila kujiviringisha haitafanya kazi kamwe. Akigusa ukuta, bonyeza upande wa pili, yaani kama ukuta uko kulia bonyeza kushoto. Hapo umbo lake linabadilika, anaonekana ameegemeza miguu ukutani. Ukiona umbo hilo ndipo ubonyeze A. Kosa la karibu kila mtu ni kubonyeza A kwanza, au vyote viwili kwa pamoja kwa pupa. Mwelekeo kwanza, A baadaye, na katikati kuna nafasi ndogo tu. Kaa kwenye ukuta mmoja ufanye taratibu mpaka vidole vizoee, kisha ndiyo upande.

Mambo mawili yanaharibu zoezi hili hata kwa mwenye mkono mzuri. La kwanza, kucheza kwa kijiti cha duara badala ya msalaba wa mishale, tumia msalaba. La pili ni TV bapa inayochelewesha picha. Ingia kwenye mipangilio yake uwashe hali ya gemu. Kama mashine ya zamani umeiunganisha kupitia kile kiboksi cha bei rahisi cha kugeuza AV kuwa HDMI, kitoe kwanza utumie tundu za AV za TV yenyewe. Viboksi vingine vinaongeza ucheleweshaji wa kutosha kabisa kukunyima mruko huu.

*Wahariri, kuna bomba kubwa la kioo chini ya Brinstar, nje yake maji. Nimelipiga makombora yote halivunjiki.*
*Msomaji, Mikindani*

Simama ndani ya bomba, jikunje kuwa mpira, tega Power Bomb moja, yaani bomu kubwa, subiri. Kioo kitapasuka na njia ya kwenda Maridia, eneo la majini, itafunguka. Lakini usiende bila Gravity Suit, maana ndani ya maji Samus anakuwa mzito na atazama kwenye mchanga. Suti hiyo iko kwenye meli iliyoanguka, Wrecked Ship, na hutaifikia mpaka umuue bosi wa humo, Phantoon, ili umeme wa meli urudi. Ukipigana na Phantoon, mpige kwa makombora ya kawaida au mionzi uliyoichaji. Super Missile inamkasirisha, anakumwagia moto.

*Ndugu wahariri, baada ya kuuza korosho nilijinunulia kaseti halisi ya gemu hii. Inacheza vizuri, nasevu vizuri, lakini nikizima mashine nikawasha kesho, kila kitu kimefutika. Fundi wangu anasema kaseti imekufa.*
*Msomaji, Kilwa Masoko*

Kaseti haijafa, betri ndiyo imekwisha. Ndani yake kuna betri bapa ya CR2032, volti 3, inayolinda kumbukumbu ulizosevu mashine ikiwa imezimwa. Betri ya tangu miaka ya 1990 ikiwa imefika leo, imejitahidi.

Kufungua kunataka bisibisi maalumu ya milimita 3.8 yenye kichwa cha tundu. Ile ya 4.5 ni ya mashine, si ya kaseti. Usikubali fundi akuyeyushie kalamu ya plastiki kwenye skrubu, huwa inaacha mabaki na skrubu haitoki tena. Ukishafungua, pima betri kwa mita: chini ya volti 2.5 ibadilishe bila mjadala. Kuanzia hapo jua kwamba ulichosevu kitapotea betri ikitoka, kwa hiyo kama bado kuna mchezo unaoupenda, umalize kwanza.

Nunua CR2032 yenye miguu ya bati iliyoungwa kiwandani. Hili ndilo la kumsisitizia fundi: asilehemu moja kwa moja juu ya betri. Joto linaiharibu kwa ndani, na inaweza kupasuka. Ayeyushe lehemu ya zamani, atoe betri, asafishe matundu, aingize miguu mipya akifuata alama ya + iliyoandikwa kwenye bodi, na asikae na pasi ya kulehemu juu ya mguu mmoja zaidi ya sekunde chache. Akigeuza + na −, kaseti itacheza kama kawaida lakini haitatunza kitu, nawe utarudi kutulalamikia. Kabla ya kufunga, sevu, zima, iache usiku mzima, kisha uwashe.

Ukiwa umeifungua, angalia meno ya shaba. Huku pwani upepo wa chumvi unayaotesha kutu ya kijani. Futa kwa kijiti cha pamba kilicholoweshwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, piga kutoka juu kwenda chini, badili pamba ikichafuka. Spiriti ya duka la dawa ya asilimia 70 ina maji. Ukikosa nyingine itumie, ila acha meno yakauke kabisa kabla ya kuchomeka. Msasa usiuguse, unakwangua dhahabu iliyopakwa juu. Kupuliza kwa mdomo nako acha, mate ni unyevu uleule unaoukimbia. Hifadhi kaseti kwenye mkebe unaofunga vizuri, pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye boksi la viatu.

*Nataka kuagiza mashine kutoka Marekani. Itakubali umeme wetu?*
*Msomaji, Masasi*

Mashine ndiyo, adapta yake hapana. Ya Marekani imetengenezewa volti 120, sisi tuna 230. Ukiichomeka inaungua siku hiyohiyo. Tafuta adapta ya 230 inayotoa volti 10 DC, miliampea 850, yenye hasi katikati, au tumia transfoma ya kushusha umeme. Adapta ya mashine ya Ulaya inatoa volti 9 AC, si DC, kwa hiyo usizibadilishane. TV ya kichogo ya zamani ya PAL inaweza kukuonesha picha ya Marekani bila rangi.

Kama unachotaka ni kucheza tu, ushauri wetu ni Super Nintendo ndogo ya mwaka 2017. Ina gemu 21, hii ikiwemo, inatumia HDMI, na inawashwa na chaja ya simu ya volti 5, ampea 1. Kwenye Switch, gemu imo katika huduma ya kulipia ya Nintendo tangu 2019.

*Nimeimaliza kwa saa 7, Samus akavua kofia tu. Kuna mwisho mwingine? Na asilimia zinahesabiwaje?*
*Msomaji, Newala*

Upo. Chini ya saa 3 anavua suti yote. Kati ya 3 na 10 anavua kofia. Zaidi ya 10 havui kitu. Asilimia ni hesabu ya vitu 100: vifurushi 46 vya makombora, 10 vya Super Missile, 10 vya Power Bomb, matangi 14 ya nguvu, 4 ya akiba, na vifaa 16. Saa haihesabu muda uliosimamisha gemu kutazama ramani. Ukifa ukarudi uliposevu, dakika zilizopotea nazo hazimo.

Kwenye zile dakika 3 za mwisho wa gemu za kukimbia mlipuko, pita chumba ulichookotea Bombs. Etecoon wamekwama humo pamoja na Dachora, kiumbe mfano wa mbuni. Fyatua ukuta watoke.

Na kabla hujashuka Tourian, eneo la mwisho, rudi kwenye menyu ya mwanzo, chagua kunakili, nakili mchezo wako kutoka nafasi A kwenda B. Ukisevu ndani ya Tourian kwenye nafasi A ukakumbuka tangi uliloliacha eneo la Norfair, B itakuwa bado iko nje.