Kabla ya kukubali kwamba ni uzee tu: kwa matabibu na wauguzi wapya hapa Moshi

Januari hapa Moshi jua huwa kali, kwa hiyo nilipaswa kushtuka siku bibi mmoja kutoka Kibosho alipoingia chumba cha uchunguzi amevaa sweta na kujifunika blanketi. Binti yake alieleza kwamba mama amekuwa mzito wa kuitikia hata shikamoo, anasahau, hapati choo kwa siku kadhaa na sauti imekwaruza, kisha akamalizia kwa kusema kwamba ni uzee. Nilikubaliana naye, nikaandika dawa ya kulainisha choo. Waliporudi baada ya miezi miwili, mapigo ya moyo yalikuwa 48 kwa dakika, na kipimo cha TSH, homoni ya ubongo inayoiamuru tezi ya thairoidi iliyo shingoni na ambayo hupanda tezi hiyo ikidhoofika, kilionyesha wazi kwamba tezi yake ilikuwa imedhoofika sana. Bado inaniuma kwamba miezi ile miwili ilipotea mikononi mwangu.

Ndiyo maana nawaomba msikubali neno uzee kabla ya kupima. Uchovu, baridi isiyolingana na hali ya hewa, ngozi kavu, huzuni na usahaulifu vinaweza kweli kuletwa na umri, lakini mwulizeni anayeishi na mgonjwa kama mabadiliko yamekuja ndani ya miezi michache. Ulizeni pia dawa anazotumia, kwa sababu amiodaroni ya moyo na lithiamu ya magonjwa ya akili huweza kuvuruga tezi hii.

Tezi inapofanya kazi kupita kiasi, dalili za mzee hudanganya zaidi. Kijana huhangaika, hutoka jasho na kutetemeka. Mzee anaweza kukaa kimya tu, amekonda, hana hamu ya chakula, na dalili pekee ikawa moyo unaodunda bila mpangilio. Shikeni shingo ya kila mzee mkimpa maji ameze. Wengi waliokulia huku milimani, kabla ya chumvi yenye madini joto kuenea, wana rovu, yaani uvimbe wa tezi hii, la tangu ujana, na vinundu vya rovu la zamani huweza kuanza kutoa homoni bila kudhibitiwa.

Majibu yasomwe kwa utulivu. TSH huelekea kupanda kidogo kadiri umri unavyosogea. Ikiwa imepanda lakini haijafika 10, na T4, homoni inayotolewa na tezi yenyewe, ni ya kawaida, mara nyingi inatosha kurudia kipimo baada ya miezi miwili au mitatu badala ya kumwanzishia mtu dawa ya maisha.

Dawa ikihitajika, haraka ndiyo hatari kubwa. Mzee, hasa mwenye ugonjwa wa moyo, huanzishiwa levothairoksini, vidonge vya kujazia homoni ya tezi dhaifu, mikrogramu 12.5 hadi 25 kwa siku, kisha TSH hurudiwa baada ya wiki 6 hadi 8 kabla ya kuongeza, kwa kuwa dawa hii hukaa mwilini muda mrefu na kipimo cha mapema hakisemi ukweli. Dozi ikizidi, moyo hupoteza mpangilio na mifupa hudhoofika. Imezwe kwa maji matupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya kifungua kinywa, na huku kwetu lazima mtaje chai ya maziwa kwa jina, maana wazee wengi hawaihesabu kuwa chakula. Vidonge vya madini ya chuma au kalisi vipishane nayo kwa saa 4. Yule bibi alikuwa anameza dawa yake pamoja na chai hiyo, nasi tulikaribia kumwongezea dozi bure.

Anayetumia kabimazoli, dawa ya kutuliza tezi inayofanya kazi kupita kiasi, aambiwe, mbele ya anayemtunza, kwamba homa au koo kuuma ni sababu ya kusimamisha dawa na kuja siku hiyo hiyo kupimwa chembe nyeupe za damu. Na mzee mwenye tezi dhaifu akiletwa amepoa mwili, anasinzia na haamki vizuri, msimpe dawa yoyote ya usingizi. Mfunikeni, tafuteni maambukizi, na mwiteni daktari mara moja.