Jino la Omondi

Akinyi mwanangu,

Salamu kutoka Ahero. Mvua haijakatika na mpunga wa jirani umesimama majini. Ujumbe wako niliusoma jana usiku: jino la mbele la Omondi linacheza, ukamkumbuka amu yako Oduor, ukaniuliza kama ule uvimbe wa taya, ile saratani yake, uko katika damu yetu. Jino la mtoto wa miaka sita hulegea, mama. Na ugonjwa ule haurithiwi kama kimo. Ungenipigia simu ningekujibu hayo na kukata. Lakini sikulala, kwa sababu kinachonisumbua mimi si damu, ni kule kuungwaunga ndani ya seli.

Miaka 31 nilifundisha biolojia, na kila darasa lilinisikia nikisema: kilichoungwa si lazima kiwe kimepona. Wanafunzi walidhani naongea juu ya madawati yetu.

DNA, yale maandishi ya urithi ndani ya seli, hujeruhiwa kila siku, na seli ina mafundi wake. Jeraha baya kabisa ni lile linalokata nyuzi zote mbili. Fundi mwenye subira hutafuta nakala pacha na kuiga kilichopotea, ila nakala hiyo hupatikana tu baada ya seli kuirudufu DNA yake. Kwa hiyo kazi nyingi huishia kwa fundi wa haraka, anayezishika ncha mbili zilizo karibu na kuziunga. Akipoteza herufi mbili tatu, shauri yako. Kromosomu, vile vifurushi vya DNA, mbili zikikatika pamoja, anaweza kuunga kichwa cha hii na mkia wa ile. Hakuna ncha inayoning'inia, kazi inaonekana safi, na jenomu, yaani DNA yote ya seli, si ile tena.

Sasa sikia la Oduor. Seli B, zinazotengeneza kingamwili, huzikata jeni zake zenyewe makusudi. Zina kimeng'enya kiitwacho AID, kinachozichokoa jeni za kingamwili ili silaha ziwe kali zaidi, kisha mafundi huunga. Malaria ikikaa mwilini, seli hizo hazipumziki. Mwaka 2015 watafiti walionyesha kwa panya kwamba malaria ya muda mrefu huivuruga jenomu ya seli B kwa njia hiyohiyo. Virusi vya Epstein-Barr, vinavyoingia katika seli hizo, navyo huisaidia seli iliyoharibika isife. Kwa wagonjwa wengi, kipande cha kromosomu ya 8 chenye jeni ya MYC hujikuta kimeungwa kwenye kromosomu ya 14, kando ya jeni ya kingamwili isiyozimwa. MYC huamuru seli igawanyike. Pale huamuru usiku na mchana. Na yote hayo huanzia katika seli moja ya mtoto mmoja, si katika mbegu ya baba wala yai la mama. Daktari Denis Burkitt aliuandika ugonjwa huo wa taya mwaka 1958 akiwa Kampala, na ramani yake ikaja kufanana na ramani ya malaria. Sisi tulikuwa ndani ya ramani hiyo bila kujua.

Ilikuwa 1974. Jino lilipolegea tulicheka. Likafuata gego, na gego la mtoto wa miaka sita halilegei. Zahanati wakayang'oa yote mawili. Oduor akayarusha juu ya mabati, akaniambia nikae naye tusubiri mapya. Shavu likazidi kujaa mpaka jicho likasukumwa juu. Hospitalini wakamtundikia dripu ya dawa, na kwa siku nne uso wake ukarudi. Siku nne, Akinyi! Alikula samaki kwa mkono wake, akachambua miiba mwenyewe. Babu yako akasema mtoto amepona, akamtoa wodini dawa haijaisha. Uvimbe ulirudi kabla ya mavuno.

Ningependa kusema haraka ndiyo iliyomuua, ya seli na ya babu yako. Lakini seli isiyounga kabisa hufa, au hugawanyika na kupoteza vipande; bila yule fundi wa haraka hata mimi nisingefika umri wa kuota meno. Kumlaumu ni kumlaumu aliyetufikisha hapa. Na bado, kilichoungwa si lazima kiwe kimepona. Na babu yako? Nimeandika hapa sentensi moja juu yake, nikaikata. Ng'ombe alikuwa amebaki mmoja, watoto saba, na uso wa mwanawe umepona mbele ya macho yake. Angeona nini zaidi? Lakini aliambiwa. Daktari alimwambia, nami nilikuwa nimesimama pale. Basi, nimeiacha.

Umesema fizi za Omondi ni safi. Shavu likivimba, au jicho likisukumwa, mpeleke hospitali kubwa siku hiyohiyo, na akianzishiwa dawa msimtoe mpaka wao waseme. Mkija huku likizo mbebeeni neti yake, zangu zimetoboka.

Jino msilivute kwa uzi. Nitapanda matatu ya asubuhi Jumamosi. Likidondoka kabla sijafika Nakuru, lifungeni kwenye karatasi, nataka kumwona akilirusha.

Baba yako