Jibu: Moyo kudunda, kukonda na shingo kujaa

Pole dada. Nimekuelewa: unakula vizuri, tena kuliko zamani, lakini magauni yanakupwaya, moyo unadunda usiku, mikono inatetemeka na shingo imejaa kwa mbele. Shemeji anasema ni mawazo. Mimi ningeanza na tezi ya thairoidi, ile iliyo mbele ya shingo. Ikitoa homoni kupita kiasi, huleta hayo yote pamoja na jasho, kuharisha na hedhi kuvurugika. Ikizembea huwa kinyume: uchovu, kuhisi baridi, kunenepa, choo kigumu.

Simama mbele ya kioo, inua kidevu, meza funda la maji. Uvimbe ukipanda na kushuka unapomeza, mwambie daktari hivyo hivyo. Omba kipimo cha damu cha TSH na T4, homoni zinazoonyesha tezi inafanya kazi kiasi gani. Ultrasaundi huonyesha umbo la tezi, haisemi inatoa homoni kiasi gani, kwa hiyo usiishie hapo.

Usijitibu kwa kuongeza chumvi yenye madini joto. Iodini, yaani hayo madini joto, ikizidi yaweza kuichochea tezi zaidi. Dawa za majani za kupaka shingoni, achana nazo.

Ukiandikiwa kabimazoli, dawa ya kupunguza homoni za tezi, halafu ukapata homa au koo likauma, simamisha dawa na urudi hospitali siku hiyo hiyo wakupime chembe nyeupe za damu. Kama una mimba au unaitafuta, sema kabla ya kuandikiwa.

Ukibanwa pumzi, ukichanganyikiwa na homa kali, au moyo ukienda ovyo, nenda dharura hata usiku. Sauti ikikwaruza au uvimbe ukikua haraka, usisubiri mwezi uishe.