Jibu: Kuacha somo moja ukiwa na viza ya J-1 (viza ya Marekani ya programu za kubadilishana, wakiwemo wanafunzi)

Ndugu, umeuliza kama unaweza kuacha somo moja kati ya manne kwa kuwa linakulemea. Hesabu krediti (vipimo vya uzito wa kila somo) kwanza. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza mwenye J-1 kwa kawaida hutakiwa kuwa na krediti 12 kwa muhula. Masomo manne ya krediti 3 yanatimiza hizo tu; ukiacha moja unabaki na 9, na viza yako inaingia hatarini. Sajili somo jingine ndipo uache hilo, kabla muda wa kubadili masomo haujaisha. Ukikosa somo jingine, omba kibali cha ofisi ya wanafunzi wa kigeni KABLA ya kuacha, maana mfumo wa usajili unaweza kukubali bila kukuonya. Chuo chako cha nyumbani nacho kithibitishe kwamba somo jipya litahesabiwa.