Canter inapiga stata vizuri, lakini asubuhi haiwaki

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Canter ya injini 4D33, napakia viazi Njombe kupeleka Dar es Salaam. Wiki ya pili sasa, asubuhi stata inazungusha kwa nguvu lakini gari haliwaki. Nikisukuma pampu ya mkono kama mara 30 linawaka, na kutwa nzima halisumbui tena. Lilianza baada ya kubadilisha filta ya dizeli. Fundi wa huku anasema pampu ya nozeli (inayosukuma dizeli kwa nguvu hadi kwenye nozeli za injini) imekufa, tuishushe ikapimwe. Nifanyeje? – Dereva, Njombe

JIBU: Marahaba mwanangu. Pampu iache ilipo kwanza. Pampu ya nozeli iliyochoka mara nyingi husumbua injini ikiwa ya moto, maana dizeli ikipata joto inakuwa nyepesi na kupenya kwenye plunja zilizolika, yaani vijiti vya ndani ya pampu vinavyosukuma mafuta. Gari lako linagoma baada ya kulala, na linakubali ukilisukumia mafuta kwa mkono. Hapo kuna upepo unaoingia: usiku dizeli inarudi tangini, asubuhi pampu inavuta hewa.

Kesho, kabla hujagusa pampu ya mkono, mtu apige stata wewe ukiangalia ekzosi. Usipoona moshi hata kidogo, dizeli haifiki kwenye nozeli. Ukiona moshi mweupe unaonuka dizeli mbichi, mafuta yanafika ila hayaungui, na hapo tutazungumzia plagi za joto (zinazopasha injini ya baridi) na kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda). Stata isizidi sekunde 15 kwa mara moja, halafu ipumzike dakika mbili. Nimeona stata zikiungua kwa ajili ya klipu moja iliyolegea, na inauma.

Wengi wanakosea hapa: wanatafuta panapovuja, wakikuta pakavu wanasonga mbele. Kutoka tangini hadi pampu ndogo ya kuvutia, dizeli inafyonzwa. Tundu la upande huo halitoi mafuta nje, linaingiza hewa ndani. Macho hayatoshi.

Kwa kuwa lilianza na filta, anza na filta. Ifungue uangalie raba yake. Mara nyingi raba ya zamani hubaki imeng'ang'ania juu kwenye kichwa cha filta, mpya ikafungwa juu yake. Raba mbili haziwezi kukaa sawa. Halafu angalia washa (zile pete bapa) za shaba kwenye bolti za mabomba ya mafuta: zikishabanwa mara moja zinabaki na alama, ukizirudisha zinapitisha hewa. Weka mpya. Hakikisha pia kitufe cha pampu ya mkono kimesokotwa hadi mwisho baada ya kusukuma.

Ukifunga, toa upepo vizuri. Legeza skrubu iliyo juu ya filta, sukuma pampu ya mkono. Litatoka povu jeupe, kisha dizeli yenye mapovu, kisha dizeli safi mfululizo. Kaza ikiwa bado inatiririka. Rudia kwenye skrubu ya pampu ya nozeli.

Likigoma tena, tumia dumu. Chukua dumu safi la lita 5, tia dizeli, liweke chini usawa wa tangi, na funga mpira mpya unaoonyesha ndani kutoka dumuni hadi pampu ya kuvutia. Ziba mdomo wa dumu kwa kitambaa vumbi lisiingie, toa upepo, gari lilale hivyo. Asubuhi likiwaka, ubovu uko kwenye mipira na mabomba ya kutoka tangini. Likigoma, ubovu uko mbele: filta, pampu ya mkono, au vali ya pampu ya kuvutia isiyozuia mafuta kurudi. Angalia ule mpira: ukiukuta mtupu, mafuta yamerudi.

Na wenye magari mapya ya komoni reli (mfumo wa dizeli wa shinikizo kubwa sana), msilegeze nati za mabomba ya nozeli kutoa upepo kama tulivyozoea kwenye haya ya zamani. Shinikizo la mle linapenyeza dizeli chini ya ngozi, na hilo ni jeraha la hospitali siku hiyohiyo.

Ukimaliza niandikie: moshi ulikuwaje, na asubuhi ya dumu gari lilifanya nini.