Ekseli isiyo na mota ni ya nini?

Swali: Mhandisi, habari za kazi. Nimesoma kuwa vichwa vya treni vya dizeli RS-2 na RSC-2, vya kampuni ya Alco ya Marekani, vilikuwa na nguvu farasi 1,500 na mota nne za umeme za kuzungusha ekseli kila kimoja. Lakini RS-2 ina ekseli nne (vyuma vinavyounganisha magurudumu ya kushoto na kulia) na RSC-2 ina sita. Ekseli mbili zisizovuta, si mzigo wa bure?

Jibu: Nzuri, ndugu. Si mzigo wa bure hata kidogo. Kabla ya kuuliza nguvu ya injini, mimi huuliza kila ekseli inaikandamiza reli kwa tani ngapi. Tuseme kichwa kina tani 112. Kwa ekseli nne, kila moja inabeba tani 28. Reli nzito yenye mataruma (mihimili iliyolala chini ya reli) imara na kokoto za kutosha itahimili. Kwenye njia ya tawi yenye reli nyepesi, hasa iliyo na madaraja ya zamani, reli itapinda kati ya taruma na taruma hadi ivunjike. Gawa uzito huohuo kwa sita, kila ekseli inabaki na kama tani 19. Ndiyo kazi ya ile ekseli ya katikati ya kila bogi, yaani fremu ya magurudumu iliyo chini ya kichwa.

Gharama yake iko kwenye mshiko wa magurudumu juu ya reli. Reli ikiwa kavu, kichwa huvuta kwa takriban robo ya uzito ulio juu ya ekseli zenye mota. Zote zikivuta, unapata nguvu ya kuvuta ya kama tani 28. Nne kati ya sita zikivuta, hazifiki 19, na mvua ikinyesha zinapungua zaidi, dereva amwage mchanga magurudumu yasiserereke. Kwa treni fupi za tambarare inatosha. Mlimani utakwama.

Dawa ni kutia mota kwenye ekseli zote sita. Kichwa cha SD9 cha EMD, kampuni nyingine ya Marekani, kilifanya hivyo ili kivute mizigo mizito polepole mlimani bila mota kuchemka, kwa kuwa mkondo wa umeme unagawanyika kwa mota sita. Baadaye EMD hiyohiyo ikaiundia kampuni ya reli ya Milwaukee Road kichwa cha SDL39: ekseli sita zote zinavuta, lakini kichwa kizima kina kama tani 113 tu, kwa ajili ya njia za reli nyepesi. Zilitoka 10 pekee.

Angalia na kona. Bogi ya ekseli tatu ni ndefu, haigeuki kirahisi, na kwenye kona kali kingo za magurudumu husaga reli. Ndiyo maana kwenye yadi zenye kona za kubana ningechagua ekseli nne.