Jibu: Uvimbe wa mama shingoni umerudi baada ya kuvutwa maji

Dada, pole kwa kumuuguza mama. Umesema huko Ukerewe waliita goita, wakavuta maji kwa sindano, yakatoka maangavu kama ya kunywa, na sasa uvimbe umerudi. Hayo maji ndiyo yaliyonishtua. Uvimbe-maji wa thairoidi, ile tezi ya mbele ya shingo inayovimba kwenye goita, mara nyingi hutoa majimaji ya njano, ya kahawia au yenye damu. Yakiwa maangavu kabisa, fikirieni kuwa uvimbe huenda umetoka kwenye tezi za parathiroidi, zile ndogo, kwa kawaida nne, zilizo nyuma ya thairoidi, ambazo homoni yake hurekebisha kalsiamu kwenye damu. Uvimbe-maji wa tezi hizo ni nadra, na kwenye altrasaundi hufanana mno na uvimbe wa thairoidi.

Mkivuka kuja hospitali ya Bugando, hapa Mwanza, ombeni maji yatakayovutwa yasimwagwe, yapimwe homoni ya parathiroidi. Ikiwa juu sana, jibu mmelipata: uvimbe ni wa parathiroidi. Damu nayo ipimwe kalsiamu na homoni hiyohiyo. Mama ana kiu isiyoisha, mawe kwenye figo, mifupa inauma? Hizo huweza kuwa dalili za kalsiamu kuzidi, na ikizidi, tiba huwa ni upasuaji. Ikiwa sawa, kuvuta maji huweza kutosha, ila wake umesharudi, kwa hiyo ulizeni kuhusu kuutoa. Akianza kupumua kwa shida, msisubiri kliniki, mpelekeni siku hiyohiyo. Na ile dawa ya goita uliyosema ni ya jirani, tafadhali mama asinywe.